Momella imenipa deni

Ndo nimerudi hosteli, vumbi mpaka masikioni. Tulikuwa Momella Kubwa, pale chini ya Mlima Meru, kupima maji. Kipimo kikaonyesha pH imevuka 9, nikashangilia kama nimefunga goli.

Mzee dereva wetu akaniuliza, "Mwanangu, hako kamashine kanajua flamingo watakufa lini tena?" Aliwaona Julai na Agosti 2004, walivyokufa hapa na Manyara, watafiti wakashuku sumu ya mwani.

Jamani, nikakosa jibu. pH haionyeshi sumu. Mwani wenyewe inabidi uangaliwe kwa hadubini, na sumu ipimwe maabara.

Chupa zangu mbili ziko kwenye friji ya maabara. Kesho naanza nazo. Mzee namdai marahaba tu, yeye ananidai jibu.