Injili ya Mikate, Ngara

Kwetu Ngara jumuiya ilikuwa Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea. Ilizunguka nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwenu mnafagia uwanja, mnatandika mikeka kando ya migomba, mnaazima mabenchi kwa jirani. Anayefika anasema "Tumsifu Yesu Kristo", naye anaitikiwa "Milele amina" hata na wale waliokuwa wakimsengenya dakika iliyopita.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele walipokutana Nairobi mwaka 1976, ila katika jimbo letu la Rulenge hazikuonekana agizo la kutoka mbali. Askofu wetu, Christopher Mwoleka, alikuwa amejiunga mwenyewe na kijiji cha ujamaa. Tulifuata zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizotungwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mimi nilikuwa darasa la sita, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma. Nilisoma kwa Kiswahili, watu wakajadili kwa Kihangaza.

Hatua niliyoipenda ni ya tatu. Kila mtu anataja neno lililomgusa, analirudia, ananyamaza. Haruhusiwi kulieleza. Ni hapo tu ambapo hata mwalimu wa shule hakuweza kuhubiri.

Kisha ikaja Aprili 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kuanzia tarehe 28, ndani ya takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuja kwetu Tanzania. Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, kwa hiyo tulisikia kila walichosema. Kambi yao ya Benaco ikawa mji wa maturubai. Miezi michache baadaye tulikuwa tukibadilishana nao: sisi ndizi, wao mahindi na mafuta ya mgawo. Vilima vilianza kubaki vipara kwa ajili ya kuni, na mbuzi wakaanza kupotea.

Katikati ya hayo, Jumapili moja ya Julai ilileta injili ya Yohana, ile ya kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Sisi tuliisoma siku moja kabla. Hatua ya tatu ilipofika, watu walitaja mikate, walitaja makapu, walitaja shukrani. Mzee mmoja mfugaji akasema, "Majani tele." Tukacheka. Yohana kweli anasema mahali pale palikuwa na majani mengi, lakini nani huchagua majani penye muujiza? Akarudia, "Majani tele," na safari hii hakuna aliyecheka. Ng'ombe wake siku hizo walikuwa wakipelekwa mbali sana kutafuta malisho.

Kimya kilipoisha maneno yalifumuka. Bibi mmoja mjane alitaka kujua habari za mama wa yule kijana. Mikate ile haikujioka, alisema. Mtu aliamka alfajiri, akatafuta kuni, na jina lake halikuandikwa. Mwalimu akauliza lile swali ambalo watu wazima walikuwa wakilizungukazunguka tangu Aprili: miongoni mwa wanaopanga foleni ya mahindi kule Benaco wamo waliokimbia na damu mikononi, je, Yesu aliuliza kabla ya kugawa? Mama mmoja akamjibu kwamba hakuuliza. Mwalimu akasema huenda ilikuwa rahisi kwake, maana alijua mioyo. Mwenyekiti hakulifunga swali hilo. Hadi leo namheshimu kwa hilo, kwa sababu padre mwenye haraka angelifunga kwa dakika mbili.

Hatua ya sita huuliza tufanye nini. Tukakubaliana kuchanga ndizi kwa familia mbili zilizojibanza kando ya kijito, nje ya kambi. Katika pumzi hiyohiyo tukamtuma mfugaji na katibu waende ofisi ya kijiji kulalamikia ukataji wa miti. Wapo walioona mambo hayo mawili hayakai pamoja, na wawili hawakuonekana kwenye jumuiya kwa wiki kadhaa. Mimi naona yalikaa vizuri kabisa.

Mwaka ule Yohana sura ya sita ilisomwa Jumapili tano mfululizo, mkate juu ya mkate. Katika Jumapili ya pili Yesu anawaambia watu waziwazi kwamba wanamfuata kwa sababu walishiba. Mfugaji alicheka mpaka akakohoa.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla mwezi haujaisha. Walipoondoka, mfugaji alileta hoja hatua ya sita: jumuiya inunue miche. Mhazini akasema fedha za jumuiya ni za misiba, si za miti. Bibi mjane akamwambia bila kuni hata misibani hakuliwi. Tukabishana hadi jua la utosi, na hatua ya saba, ya sala, ikasaliwa tumesimama, kila mtu na jembe lake mkononi.