Daftari la Mwalimu wa Michezo

Nilipokuwa shule ya msingi, timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, iliteuliwa kwa alasiri moja. Mwalimu wa michezo, aliyepewa jukumu hilo kwa kuwa tu alikuwa kijana kuliko wenzake, alitupanga mstari, akatupima kwa macho, akawachagua warefu. Sisi wadogo tulirudi kumwagilia bustani. Hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyemfundisha namna nyingine. Wilayani walitaka kombe, na kombe huletwa na waliobalehe mapema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yakasimamishwa kwa miaka kadhaa. Hadi leo naumia nikiwafikiria watoto waliomaliza darasa la saba bila kukimbia hata mbio moja mbele ya watu.

Macho yangu yalifunguka nilipokwenda kusoma Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, nikiwa tayari mwalimu. Huko nilijifunza kwamba wasichana huanza kurefuka kwa kasi takriban miaka miwili kabla ya wavulana, na kwamba watoto wawili wa miaka 12 wanaweza kupishana sana kimaumbile. Anayeshinda leo huenda amekua mapema tu.

Niliporudi kazini nilifungua daftari: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kimo kila muhula, muda wa mita 30, umbali wa kuruka kwa miguu miwili. Safu niliyoithamini zaidi ilikuwa ya wepesi wa kujifunza. Kuna binti wa darasa la tano aliyekuwa wa mwisho katika mita 30. Nilipowaonyesha kupokea kijiti bila kugeuka nyuma, alikishika katika jaribio la pili, kisha akaanza kuwaelekeza wenzake. Nikambakiza kikosini. Alipofika darasa la saba alikuwa amerefuka, na ndiye aliyekimbia zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana vijiti.

Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Baadaye alianzisha shule zake Kibaha. Naona naye alijua kazi hii huanzia shuleni.

Walimu wakuu, nawaomba: mpelekeni mwalimu wenu wa michezo kozi, mpeni saa ya kupimia muda na futi kamba, na kipindi cha michezo msikigeuze cha hisabati.