Gugu la Majaruba ya Mabogini

Bodaboda ilinishusha kwenye mfereji, Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, nami sikujali. Safari yangu ilikuwa ya kutafuta gugu ambalo wakulima wa mpunga hulikanyaga kila siku. Wataalamu wa mimea huliita Eclipta prostrata.

Maji ya Mto Rau na chemchemi za Njoro ndiyo yanayolisha skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Nilivua viatu, nikafuata tuta hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia. Aliitikia shikamoo yangu bila kunyoosha mgongo.

“Unatafuta dawa, mwanangu?”

“Hapana, mama. Natafuta hilo unalong’oa.”

Akacheka, akanirushia shina moja.

Lilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, na vinywele vigumu vilivyokwaruza vidole. Majani yake membamba yalikaa mawilimawili yakitazamana, karibu bila vikonyo. Kila kifundo kilichogusa tope kilikuwa kimeshatoa mizizi. Ua lake jeupe halikufika upana wa sentimita moja, na kwa kweli si ua moja: ni vijiua vingi vilivyobanana kwenye kitako kimoja, sawa na vya alizeti, ambayo ni ya ukoo huohuo. Nikafikicha jani; haukupita muda, utomvu ukageuka mweusi vidoleni. Si ajabu nchini India watu hulitia kwenye mafuta ya nywele, wakiliita bhringraj.

Kishonanguo, naye wa ukoo huo, husafiri kwa kung’ang’ania suruali za watu. Mbegu za gugu hili hazina vishikizo. Hubebwa na maji na tope. Tena hutaka mwanga ndipo ziote. Zikifukiwa kidogo tu hushindwa kuchipua, na maji yaliyotuama huzidhoofisha. Ndiyo maana nililikuta limesongamana kandokando ya mfereji na pale jaruba lilipoinuka, tope likabaki wazi. Kwenye kina, mpunga ulisimama peke yake. Kwa maoni yangu, jaruba lisilosawazishwa ndilo linalolifuga gugu hili.

Mama alikuwa akiyarundika magugu juu ya tuta lenye unyevu, na vifundo vile havihitaji zaidi ya hapo ili kutoa mizizi. Mkulima mwenzangu, sawazisha jaruba kabla ya kupandikiza. Ukiling’oa, fanya hivyo kabla mbegu hazijakomaa, ukalianike pakavu, mbali na mfereji.