Mbu hasubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kigogo, Dar es Salaam. Maduka bado yamefungwa kupisha usafi. Kina mama wameshika mafagio ya chelewa, vijana wana makoleo na toroli la kuazima. Mjumbe anapita nyumba kwa nyumba akigonga milango: “Jamani, mtaroni!”

Mtaro wenyewe unamwaga maji Mto Msimbazi, unaotoka upande wa vilima vya Pugu, ukakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Chupa ikitupwa hapa, safari yake ni hiyo. Ikikwama, maji yanarudi majumbani, na wakazi wa bondeni hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011.

Tulizoa taka kwa saa mbili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini vifuko laini vya nailoni bado tulivikuta vimejaa matope. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza malipo.

Kilichonishtua hakikuwa mtaroni. Mama mmoja wa makamo alitukaribisha uani kwake tunawe mikono. Nyuma ya choo palikuwa na tairi chakavu lenye maji ya mvua. Nikainama. Viluwiluwi walikuwa wanacheza ndani.

“Shikamoo mama. Hili tairi lina mbu.”

“Marahaba mwanangu. Mbu? Mbona maji yenyewe masafi?”

Ndiyo maana nilishtuka. Mwaka 2019, jiji lilipokumbwa na homa ya dengue, mdogo wangu aliugua. Tulikopelekwa kwanza tuliambiwa ni malaria. Siku tatu anameza dawa, homa haishuki, macho yanamuuma kwa ndani. Alipopimwa dengue ndipo tukajua. Nyumbani tulikuwa tunafagia kila siku, lakini ndoo ya maji ya kuoshea vyombo ilikaa wazi wiki nzima.

Mbu anayeeneza dengue, Aedes, hahitaji mtaro mchafu. Anapenda maji yaliyotuama karibu na watu: ndoo, pipa, kifuu cha nazi, sahani chini ya chungu cha maua. Anauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mayai huyagandisha kwenye kuta za chombo, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kiasi cha siku 7 hadi 10.

Hapo ndipo usafi wa mwezi unapopungukiwa. Kati ya Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi na nyingine, tairi moja linaweza kutoa vizazi viwili au vitatu.

Mzazi, tenga dakika kumi kila wiki. Mwaga maji yaliyotuama, sugua kuta za ndoo na pipa kwa brashi, funika maji ya kutumia, na ondoa makopo uani. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe. Ikidhaniwa ni dengue, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Mnyweshe maji kwa wingi. Akiumwa sana tumbo, akitapika mfululizo au akitoka damu puani au kwenye fizi, mrudishe hospitali haraka, hata kama homa imeshashuka.

Kabla hatujaondoka, kijana wa toroli alimwaga maji ya lile tairi juani, akasugua ndani, akalitoboa matundu chini na kulijaza udongo. Mama akaleta mbegu za mchicha. Mjukuu wake wa miaka kama minane alikuwa anachungulia kila kopo uani.

“Huyu ndiye mkaguzi wangu,” mama alisema. “Kila Jumamosi, siyo ya mwisho wa mwezi tu.”