Binti wa Marangu na Rangi Zake

Hapa Moshi, mzazi akiulizwa angependa bintiye awe nani, hujibu upesi: mwalimu, muuguzi, karani wa benki. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema mchoraji. Uchoraji huhesabiwa kuwa mchezo wa watoto, au kazi ya vijana wanaowauzia watalii picha za mlima. Ndiyo maana napenda kuwasimulia wazazi wenzangu habari za Everlyn Nicodemus.

Mama huyu alizaliwa Marangu mwaka 1954, kwenye migomba na mibuni ya Wachagga. Mwaka 1973 alihamia Sweden. Huko alikutana na ubaguzi: alitazamwa kwa rangi ya ngozi yake kabla hajafumbua kinywa. Akaingia Chuo Kikuu cha Stockholm kusoma anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na desturi zao. Lakini elimu ile nayo ilimtaka awatazame watu wa kwao kwa mbali, kama vitu vya kuchunguzwa, na moyo wake ukakataa. Akashika brashi.

Maonyesho yake ya kwanza hakuyafanya Ulaya. Aliyafanya mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Baadaye alikaa na wanawake wa Denmark, wa Tanzania na wa India, akasikiliza maisha yao, akayatia katika picha na mashairi. Mwaka 2012, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 50, alipata shahada ya udaktari Uingereza kwa utafiti juu ya sanaa ya Afrika.

Hata hivyo, heshima ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Picha ya sura yake aliyoichora mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022, baada ya miaka 40. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1856. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya rangi ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia katika hazina yake.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Binti wa Marangu alianza kucheza kwao, lakini watunzaji wakawa wageni. Basi, ndugu mzazi, jioni ya leo ukimkuta mwanao amechora ukutani kwa mkaa, usikimbilie fimbo. Mnunulie daftari, kisha umwulize amechora nini.