Mzigo wa Sumu si Gunia la Mahindi



Mimi ni bwana shamba katika vijiji vya Arumeru, chini ya Mlima Meru. Wakulima wetu hulima nyanya, vitunguu na maharage. Dawa za kuua wadudu hununuliwa mjini Arusha, kisha huletwa kwa gari.

Kijana mmoja wa kijiji chetu ana leseni ya kuendesha lori. Tajiri mmoja alimwahidi malipo mazuri ili abebe dawa hizo. Akaja kuniuliza.

"Shikamoo, bwana shamba. Leseni yangu haitoshi?"

"Marahaba. Haitoshi, mwanangu. Gunia la mahindi likianguka utaliokota. Sumu ikimwagika, maji ya mfereji huipeleka chini. Watu na ng'ombe huyanywa."

Nilimweleza kwamba dereva wa kemikali lazima apate mafunzo. Mafunzo hayo hutolewa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi mjini Arusha. Dawa za mimea husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Makao yake makuu yako Ngaramtoni.

Tajiri hakutaka kungoja. Alimpa kazi mtu mwingine. Kijana aliumia, maana ana watoto. Hata hivyo alikwenda kusoma.

Dereva wa namna hii hujifunza kusoma alama. Fuvu la kichwa maana yake ni sumu. Mwali wa moto maana yake mzigo huwaka upesi. Namba 1203 kwenye gari la mafuta ni ya petroli. Hujifunza kutopakia sumu pamoja na abiria au chakula. Hujifunza pia kuzuia watu wasisogee mzigo ukimwagika.

Sisi tulio kando ya barabara nasi tujifunze. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Kwa hiyo, ukiona lori la mafuta au la sumu limepinduka, usilikaribie. Usivute sigara. Usichote kitu. Waondoe watoto, kisha piga simu 114 kuwaita Zimamoto.

Ndugu zangu, ninyi sasa mnajua kusoma. Someni alama zilizo kwenye magari na kwenye makopo ya dawa. Msiposoma, mnaweza kupoteza maisha.