Pale Flagey Hakuna Aliyetuuliza

Kanisani nimesikia shuhuda za waliopona saratani na za waliopata viza baada ya kufunga na kuomba. Wangu ni wa bata na chipsi. Nautoa hivyohivyo, kwa kuwa wake za askari tuko wengi tuliolea watoto ugenini huku vita vikiwa nyumbani, na sijamsikia mwenzangu akieleza alivyoivuka jioni, kuanzia saa tisa shule inapotoka mpaka watoto walale.

Mume wangu ni afisa wa jeshi la Kongo. Wabelgiji aliwazoea tangu Kindu, walipokuja kufundisha vikosi vyetu. Baadaye akapata nafasi ya kusoma Brussels, katika Chuo cha Kifalme cha Kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1834, nasi tukamfuata. Mafunzo yalipokwisha mwishoni mwa 2024 akapangiwa Goma. Mimi na watoto watatu tukabaki kwa wifi yangu, karibu na uwanja wa Flagey, ili wakubwa wawili wamalize mwaka wa shule. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Kuanzia hapo simu yake ikawa haipatikani.

Kwa wifi kulikuwa na vyumba viwili, na jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa fagio kila mtoto alipokimbia. Kulikuwa pia na televisheni, na kwenye televisheni kulikuwa na Goma. Basi tukawa tunatoka. Jumatano ndiyo iliyokuwa ngumu, maana Ubelgiji siku hiyo shule zinafungwa mchana, na mchana huo wote ni wako.

Kuwavalisha watoto watatu mwezi wa pili ni kazi ya kikosi kizima. Soksi mbilimbili, koti, kofia, glavu. Ukimfikia wa tatu, wa kwanza kavua kiatu. Ukifunga zipu ya mwisho, kitinda mimba anatangaza mkojo.

Wifi alishangaa kwa nini siwapeleki Matonge. Basi namba 71 linapita Flagey, na baada ya vituo vichache unashuka Porte de Namur ukiwa ndani ya Kongo: sombe, samaki wakavu, wasusi wanaokuita dada kutoka mlangoni, na tangu 2018 uwanja wenye jina la Lumumba. Nilikwenda, mji ulipokuwa umeanguka tu. Nilikuwa nachagua sombe huku wateja wawili wakibishana kwa Kilingala. Mmoja akageukia Kiswahili, akasema askari wetu wameuza mji wakakimbia, hawana haya. Kifungua mimba wangu, wa miaka saba, alikuwa amekumbatia mfuko wa unga.

“Mama, baba alikimbia?”

Nikaacha sombe kaunta, tukapanda basi. Yule bwana simlaumu, huenda naye alikuwa na ndugu Goma wasiopatikana. Lakini niliamua kwamba mpaka nijue aliko baba yao, watoto hawatapata habari za vita kwa wateja wa dukani. Kwetu mtu akifiwa au akipatwa na shida anaambiwa akae na watu wake. Mimi miezi ile watu wangu walikuwa wananimaliza. Kila simu ilianza na “pole sana”, ikifuatwa na uvumi mpya.

Flagey hakuna aliyenipa pole. Ni uwanja mpana, na upande mmoja limesimama jengo la manjano lililosanifiwa na Joseph Diongre, likamalizika 1938 kuwa nyumba ya redio ya taifa. Siku hizi ni ukumbi wa muziki. Lina kona za mviringo na mnara juu, hata wenyeji wanaliita meli. Mwanangu wa kati hakuambiwa na mtu. Sisi ni wa Bukavu, na pale unapanda meli bandarini jioni, unaamka Goma.

“Mama, hii inakwenda Goma?”

“Haijapata mafuta.”

Ikawa kila tukipita anauliza kama mafuta yamefika.

Ukivuka barabara unakuta mabwawa ya Ixelles. Kuna bata maji weupe, kuna kasuku wa kijani wanaopiga kelele mitini (wazee wao waliachiwa mwaka 1974 kutoka bustani moja karibu na Atomium), na kuna bata bukini wa Misri, ndege wa Afrika waliozaana huko mpaka wakawa wenyeji wenye kiburi. Tulinunua chipsi pakiti moja kwenye kibanda cha uwanjani, tukapanga foleni ndefu kama ya siku ya mshahara, tukagawana kwa kuhesabiana. Bukini mmoja akaja taratibu, akanyoosha shingo, akampokonya mwanangu chipsi mkononi pamoja na mayonezi yake. Mtoto alilia, kisha akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu Januari, na mimi mwenyewe nilijikuta nimeshika mbavu.

Kwenye benchi alikuwapo bibi Mreno; Flagey wako wengi. Kwa Kifaransa chake cha mkato akaniambia mumewe alipokuwa kijana alipelekwa vitani Angola. Nikamwambia wangu naye ni askari. Akampangusa kitinda mimba kamasi, akaendelea kufuma. Hakuuliza kikosi, hakuuliza mji, na kila Jumatano alinisogezea mkoba wake nipate pa kukaa.

Katikati ya Februari Bukavu nayo ikachukuliwa. Mama yangu akanipigia kwa sauti ya chini kuwa wamejifungia ndani, wana maji na unga. Siku hiyo tulitembea mabwawa yote mawili mpaka kwenye abasia ya La Cambre, tukarudi, tukazunguka tena. Watoto walilala na nguo zao.

Tarehe 30 Aprili Msalaba Mwekundu ulianza kuwasindikiza kwenda Kinshasa askari waliokuwa wamekimbilia kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, hapo Goma, wakiwa wameshanyang'anywa silaha. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Alipiga Jumatano, kwa namba ya mtu, watoto wakiruka kwenye maji yanayochupa kutoka sakafuni pale uwanjani. Nilikuwa na maswali ya miezi mitatu. Wa kati akaninyang'anya simu.

“Baba, kuna bata mwizi hapa!”

Nikasikia mume wangu akiuliza, “Bata gani?” Akasimuliwa yote, na mayonezi. Salio likaisha kabla zamu yangu haijafika.

Julai tulihamia Kinshasa. Juzi teksi ilipita Matonge, ile ya asili, wa kati akasoma kibao kwa sauti kisha akamweleza baba yake kwamba watu wa huku wameiga Brussels.